Juisi ya majani isiwe malipizi



Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya kinywaji ambacho kimeingia katika nyumba nyingi za parokia zetu, za mjini na hata za vijijini: juisi ya kijani. Wapo wanaoisaga kwa matembele, wapo wanaotumia mchicha au spinachi. Wengine huchanganya na matunda na kuiacha nzito kama uji mwepesi, na vijana wanaorudi likizo kutoka mjini huiita smuthi. Katika kliniki ya wajawazito hapa hospitalini hatumalizi wiki bila kuulizwa habari zake. Wanaouliza hawaulizi kama inafaa, maana hilo wamekwisha kulijibu wenyewe. Wanauliza, "Sista, nifanyeje ili watoto waimeze?"

Kwa muda mrefu tulilichukulia swali hili kwa wepesi. Sisi wauguzi tumekulia katika mawazo kwamba dawa chungu ndiyo inayoponya, na tuliwajibu akina mama hivyo hivyo: abane pua, ameze. Tuliacha kujibu hivyo baada ya kumhudumia mama mmoja, na kwa ruhusa yake tunawasimulia, bila jina.

Mama huyu alikuja kliniki akiwa na mimba ya miezi sita. Alikuwa mchangamfu, lakini alipopanda ngazi tatu za mlango wetu alisimama kuvuta pumzi. Tulipompima wingi wa damu tulipata gramu 8.4. Mjamzito anatakiwa awe na gramu 11 au zaidi, na akishuka chini ya 7 tunamhesabu kuwa yu hatarini, maana hata damu kidogo itakayomtoka wakati wa kujifungua yaweza kumwondolea maisha. Tukamuuliza kuhusu vidonge vya kuongeza damu alivyopewa hudhurio la kwanza.

"Vipo nyumbani, Sista," alisema. "Vilinitapisha, na choo kikawa cheusi, nikaogopa. Jirani akaniambia niache, ninywe matembele. Nakunywa glasi kila asubuhi. Nikishaimeza nakaa kimya dakika kumi isirudi."

Mmoja wetu alimgombeza. Hatukumbuki jambo hilo kwa fahari. Mama alikuwa amefanya bidii kuliko wengi wetu tungefanya: kila asubuhi alikuwa akinywa kitu kichungu, kibichi, chenye harufu ya shamba, kwa ajili ya mtoto aliye tumboni. Alikuwa amewapa na wanawe watatu kwa nguvu, mpaka yule wa miaka minne akawa anakimbilia kwa bibi yake kila aonapo kinu. Tena binti yake mkubwa alikuwa ameharisha siku tatu, na mama hakuhusisha kuhara huko na majani mabichi yaliyooshwa kwa maji ya kisima.

Kwa hiyo nyumba hiyo ilikuwa na hasara tatu kwa mpigo. Vidonge vilikuwa vimekaa kabatini, majani hayakuwa salama, na watoto walikuwa wamejifunza kuchukia kila kitu cha kijani, pamoja na mchicha wa mchana ambao zamani walikuwa wakiula bila ugomvi.

Majani yana nini, na hayana nini

Kabla ya kufika kwenye utamu, tuseme ukweli juu ya damu. Gramu 100 za mchicha mbichi zina miligramu mbili hadi tatu hivi za madini ya chuma. Konzi mbili za majani, yaani kama gramu 60, hazifikishi miligramu mbili. Tena mwili hauyachukui yote, kwa kuwa chuma cha mimea hakifyonzwi kwa urahisi kama kile cha nyama, maini au dagaa. Sasa linganisha: Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku kwa njia ya kidonge, pamoja na foliki asidi. Ili kufikia kiasi hicho kwa mchicha, mama huyu angelazimika kusaga zaidi ya kilo moja kila siku. Ng'ombe anaweza, lakini si mjamzito.

Hatusemi hivi ili kuyadharau majani. Mchicha, matembele, majani ya maboga na jamii yake yana foliki asidi ambayo mwili huitumia kutengeneza damu, yana vitamini A kwa ajili ya macho na kinga ya mwili, na yana nyuzinyuzi zinazosaidia choo, ambacho ni shida ya wajawazito wengi. Mtoto anayekula mboga za majani kila siku amepata kitu kikubwa. Lakini juisi ni chakula. Haichukui nafasi ya kidonge, wala ya dawa ya minyoo, wala ya chandarua. Damu hupungua pia kwa malaria, kwa safura, na kwa watoto wengine kwa ugonjwa wa selimundu, na hakuna jani linaloziba matundu hayo yote. Utafiti wa afya uliofanyika nchini Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu. Jambo kubwa namna hii haliponywi kwa glasi moja ya asubuhi.

Aidha, rangi ya kinywaji haiongezi damu. Tunasikia watu wakisifu hiki kwa kuwa ni chekundu na kile kwa kuwa ni cha kijani kibichi. Tumbo halina macho.

Onyesho letu lililoshindwa

Tulipoamua kuwafundisha akina mama namna ya kutengeneza juisi ya majani, tulialikwa na WAWATA wa parokia moja baada ya Misa ya Jumapili. Tulikwenda na majagi matatu tuliyoyaandaa alfajiri. Tuliweka sukuma wiki nyingi, maji na ndimu, kwa kuwa tulifikiri juu ya vitamini tu. Watoto wa Utoto Mtakatifu walipewa vikombe vya kwanza. Mmoja alikunywa, akatutazama kwa huruma, akairudisha yote ndani ya kikombe polepole, kwa adabu. Wenzake hawakuhitaji kuonja. Jagi moja lilimalizika kwa sababu akina mama wanatuheshimu, na mawili yalimwagwa nyuma ya jiko la paroko.

Tulirudi hospitalini tukacheka, kisha tukaanza upya kama watu wanaojifunza kupika. Kwa majuma kadhaa tulisagia majani katika chumba chetu cha chai, tukawaonjesha watoto wetu wenyewe, ambao hawana heshima kwa wauguzi hata kidogo. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza ni uchaguzi wa jani. Tulikuwa tumeanza na jani gumu lenye ladha kali. Mchicha mchanga, ule ambao haujatoa maua, una ladha ya upole kuliko majani mengine yote tuliyojaribu, na spinachi changa huufuata. Majani machanga ya maboga yanafaa baada ya kumenywa nyuzi zake. Matembele yana harufu nzito, hivyo tumia nusu ya kiasi ambacho ungetumia cha mchicha. Sukuma wiki na figiri tumeziachia sufuria. Ondoa vikonyo, kwa maana uchungu na ukakasi mwingi umo humo. Ukitumia unga wa majani ya mlonge, kijiko kimoja cha chai kwa jagi zima kinatosha. Ukizidisha, ladha yake inafunika kila kitu. Mizizi na magamba ya mlonge mjamzito asiyaguse kabisa.

Kisha linafuata jambo ambalo hatukulijua: utamu peke yake hauondoi uchungu. Tulipozidisha sukari tulipata juisi iliyo tamu na chungu kwa pamoja, jambo baya kuliko uchungu wenyewe. Kilichosaidia ni vitu vinne kushirikiana. Utamu wa tunda lililoiva sawasawa, na hapa hakuna kinachoishinda ndizi mbivu iliyoanza kupata madoa meusi, ile ambayo sokoni wanaiuza kwa bei ya kutupa. Uchachu wa nanasi, chungwa, pesheni au ndimu. Mafuta kidogo, yanayopatikana kwenye parachichi au karanga zilizosagwa. Na chumvi, punje chache tu, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili. Watu hushangaa kusikia chumvi kwenye juisi, lakini chumvi kidogo hupunguza uchungu ulimini kuliko kijiko cha sukari.

Ni furaha kuona kwamba vitu hivi vinavyoleta ladha ndivyo pia vinavyoleta faida. Vitamini C iliyomo ndani ya tunda lenye uchachu huusaidia mwili kufyonza chuma cha majani. Mafuta ya parachichi huusaidia kuchukua vitamini A. Kwa hiyo mama anayetafuta utamu hajawa mlafi, anaongeza kazi ya kinywaji chenyewe. Afadhali angetuambia hivyo yule aliyetufundisha kubana pua.

Rangi nayo ina mambo yake. Mtoto hunywa kwa macho kabla ya kinywa. Mchicha ukichanganywa na tikitimaji jekundu, rozela au papai lililoiva sana hutoa rangi ya matope, na hata ikiwa tamu namna gani hakuna atakayeigusa. Nanasi, ndizi, embe la njano, parachichi na chungwa huacha rangi ya kijani iliyo safi. Ndimu iwekwe mwisho, wakati wa kumimina, kwa kuwa uchachu ukikaa muda mrefu na majani huyageuza rangi kuwa ya kahawia. Tena ubaridi hupunguza harufu ya majani. Asiye na jokofu aweke chupa iliyofungwa vizuri ndani ya ndoo ya maji ya mtungi kwa nusu saa. Lakini tujihadhari na barafu za kununua mitaani, kwa kuwa hatujui zimegandishwa kwa maji gani.

Jagi la watu sita

Kipimo kilichokubaliwa na watoto wetu ni hiki. Chukua konzi mbili za mchicha mchanga uliochambuliwa, ndizi mbivu tatu, nusu ya parachichi la wastani, kipande cha nanasi kilicho sawa na robo ya tunda zima, tangawizi mbichi ya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, chumvi punje chache, na glasi tatu za maji yaliyochemshwa yakapoa. Usiweke sukari. Nusu ya ndimu iwe tayari pembeni.

Osha majani jani kwa jani kwa maji yanayotiririka, au kwa kumwagiwa kutoka kwenye jagi. Chemsha maji kwenye sufuria, na yanapotokota tumbukiza majani kwa dakika moja tu, kisha yaopoe na kuyatia kwenye maji safi ya baridi yaliyokwisha kuchemshwa. Hatua hii wengi huiruka, na sisi tunaishikilia kuliko nyingine zote. Mboga nyingi za mjini hunyweshwa maji ya mitaro na mabonde, na maji ya chumvi ambayo watu huyaamini hayaui vijidudu vyote vya kuhara na homa ya tumbo. Dakika moja ya maji yanayotokota hufanya kazi kubwa. Vitamini C kiasi hupotea, ndiyo, lakini matunda yanairudisha. Na faida nyingine ni kwamba harufu ya ubichi hupotea, ile iliyowafukuza watoto.

Saga majani kwanza pamoja na tangawizi na glasi moja ya maji mpaka usione tena vipande. Watu wengi huweka kila kitu kwa mara moja, ndizi inakuwa laini upesi, wanazima blenda, na majani yanabaki vipande vipande vinavyonata kwenye meno. Baada ya majani kusagika ongeza nanasi, ndizi, parachichi, chumvi na maji yaliyobaki. Saga tena, acha povu litulie dakika tano, onja, kisha kamulia ndimu. Usichuje ikiwa walaji ni watu wazima au watoto wakubwa, kwa kuwa ukichuja unatupa nyuzinyuzi. Kwa wadogo wanaokataa chembechembe, chuja mwanzoni, halafu baada ya wiki mbili tatu tumia chujio lenye matundu makubwa zaidi, mpaka wasahau.

Nyumba nyingi za parokia zetu hazina blenda, au blenda ipo na umeme umekwenda. Kinu kinatosha. Twanga majani yaliyopitishwa kwenye maji ya moto mpaka yawe laini kama uji, ongeza maji kidogo kidogo, kisha pitisha kwenye chujio. Ndizi na parachichi viponde kwa uma au mwiko ndani ya bakuli, changanya na maji ya majani na juisi ya machungwa mawili. Lakini kinu kiwe safi kweli kweli. Tulipata juisi moja ya ajabu sana kwa sababu kinu kilikuwa kimetwanga vitunguu saumu siku iliyotangulia.

Matunda hubadilika kwa majira na kwa mahali, na hakuna haja ya kununua cha mbali. Walioko Njombe na Rungwe wana parachichi, Muheza wana machungwa, Kiwangwa wana mananasi. Msimu wa maembe tumia embe badala ya nanasi, na ndimu iongezwe kidogo. Pesheni mbili tatu hufanya kazi nzuri mno, chuja mbegu zake. Pale ambapo hakuna tunda jingine isipokuwa ndizi, weka vijiko viwili vya karanga zilizokaangwa na kusagwa, na ndimu. Wapo wanaopenda mtindi, nao huleta kinywaji kizuri chenye kushibisha. Mjamzito mwenye upungufu wa damu asimezee vidonge vyake kwa mtindi huo, wala kwa chai, kwa maana maziwa na chai huzuia chuma kufyonzwa. Apishe saa moja au mbili.

Mtoto aanze na kidogo

Wazazi wengi hushindwa kwa haraka. Leo wamesikia habari, kesho wanamwekea mtoto glasi iliyojaa. Mtoto mdogo hukiogopa chakula kigeni, na ndivyo Mungu alivyomuumba, vinginevyo angekula kila kinachoota njiani. Yafaa akionyeshwe mara nane, mara kumi, au hata zaidi, kabla hajakizoea. Anza na jagi lenye majani machache sana, kiasi kwamba rangi tu ndiyo inayobadilika, na uongeze kila wiki. Mpe vijiko viwili vitatu katika kikombe kidogo na wewe unywe mbele yake bila kukunja uso. Akikataa, nyamaza. Kesho ipo.

Tuliulizwa na baba mmoja wa jumuiya kama ni vizuri kumficha mtoto, kumwambia kuwa ni juisi ya embe la kijani. Tulitofautiana sisi kwa sisi. Wengi wetu tunaona afadhali mtoto ajue, tena atumwe bustanini kuchuma. Mtoto aliyechuma majani, akayaosha na kubonyeza kitufe cha blenda, hunywa alichokitengeneza. Aliyedanganywa akigundua, hatakunywa hata embe lenyewe.

Wala msimwahidi soda akimaliza. Huko ni kumfundisha kwamba majani ni malipizi na soda ni mbingu.

Watoto walio chini ya miezi sita hawapewi juisi ya namna yoyote, kwao maziwa ya mama peke yake yanatosha. Kuanzia miezi sita hadi mwaka mmoja, majani yapikwe, yapondwe, na kuchanganywa kwenye uji mzito, viazi au ndizi, si kupewa kama kinywaji, kwa kuwa tumbo ni dogo na juisi inalijaza maji. Asali pia tusiwape kabla hawajatimiza mwaka, inaweza kuwa na vijidudu vya hatari kwao. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitatu nusu kikombe yatosha, na ipewe baada ya chakula au katikati ya milo, isije ikachukua nafasi ya chakula chenyewe.

Majani yasiyonywewa mabichi

Hapa tunaomba kila mmoja asome polepole, na asiyejua kusoma asomewe. Kisamvu hakinywewi kibichi hata siku moja. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, na ndiyo sababu bibi zetu waliyatwanga na kuyachemsha kwa muda mrefu. Kutwanga na kuchemsha huiondoa sumu hiyo. Blenda hutwanga tu. Kwa dakika moja ya maji ya moto, kama tunavyofanya kwa mchicha, kisamvu bado si salama. Majani ya magimbi nayo yakiliwa mabichi huwasha na kuvimbisha koo. Mnafu uende sufuriani, pamoja na kila mboga ya porini ambayo wazee wa kwenu huipika kila mara. Wana sababu.

Mwenye ugonjwa wa figo asinywe juisi hizi bila kumwuliza daktari wake, kwani mchicha na spinachi zina oksaleti na potasiamu kwa wingi, na figo zilizochoka haziwezi kuziondoa. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asibadilishe ghafla kiasi cha majani anachotumia, aiambie kliniki yake. Mwenye kisukari akumbuke kwamba ndizi tatu zilizosagwa hunyweka kwa dakika mbili, wakati angezila angeshiba kwenye ya kwanza. Kwake mboga ya kupikwa na kipande cha tunda ni bora zaidi.

Na kwa wote, juisi iliyobaki isilale nje. Inywewe ndani ya saa moja au mbili. Yenye jokofu ikae humo imefunikwa mpaka kesho yake, si zaidi.

Mboga ya sufuria pia inastahili kupendwa. Haifai kufanya karamu ya juisi asubuhi, halafu mchana mchicha uchemshwe nusu saa, umwagwe maji yake, na kutiwa magadi ili ulainike. Magadi na moto mrefu huharibu vitamini. Mchicha unahitaji dakika tano au saba tu, pamoja na kitunguu, nyanya, na karanga au tui la nazi, ukamuliwe ndimu mezani.

Sasa turudi kwa yule mama. Hatukumwambia aache majani. Tulimwomba ameze kidonge usiku baada ya chakula, wakati wa kulala, ili kichefuchefu kimpitie usingizini, na tukamweleza kuwa choo cheusi si damu wala sumu, ni chuma kilichobaki. Tulimpima malaria, tukampa dawa ya minyoo, tukamfundisha jagi lile tulilolieleza juu. Wiki nane baadaye wingi wa damu ulifika 10.7. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na vidonge, na tulimwambia hivyo waziwazi. Alijifungua hapa hapa, usiku, bila kuongezewa damu.

Alipomleta mtoto kwa chanjo, yule wa miaka minne alikuwa amemfuata, ameshika chupa ndogo ya plastiki yenye kitu cha kijani, na hakutaka mtu yeyote amguse. Mama akatuuliza, "Sista, maembe yamekwisha na nanasi ni ghali. Sasa niweke nini?"

Nyuma ya wodi yetu ya wazazi kuna mpera ambao matunda yake huoza chini kila mwaka. Pera moja lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Tulimchumia mapera kumi kwenye kanga yake, tukamwambia achague yaliyoiva hadi kulainika, ayasage peke yake na maji, achuje mbegu zote, ndipo achanganye na ndizi na majani.